Kesi ya Kuku wa Agbogbloshie

Kuku alishtakiwa kwa kutaga sumu.

Hati ya mashtaka ilisomwa asubuhi ya siku ya soko, kando ya Mto Odaw, katikati ya jiji la Accra, pale ambapo wauza vitunguu, wauza viazi vikuu na wauza vyuma chakavu walikuwa wamebanana kwa miaka mingi. Ilisema kwamba mshtakiwa, mkazi wa Agbogbloshie, asiye na kazi wala anwani, alitaga mayai yenye sumu na kuyaacha yafike sokoni, yakaliwa na watoto, wagonjwa na wajawazito. Jaji alikuwa Tumbusi, ndege mkubwa mwenye kipara, aliyezaliwa juu ya jalala lilelile na kulishwa nalo mpaka akapata cheo. Wakili wa serikali alikuwa Kasuku. Mshtakiwa hakuwa na wakili.

"Mama Kuku," akasema Jaji, "umelielewa shtaka?"

"Nimelielewa, Mheshimiwa. Ninachouliza ni kwa nini nimesimama hapa peke yangu."

Karani aliliandika swali hilo, kisha shauri likaendelea bila kulijibu.

Kesi nimeitunga, lakini mayai sikuyatunga. Mwaka 2019 mashirika mawili yanayofuatilia kemikali na taka duniani, IPEN na Basel Action Network, yalitoa matokeo ya uchunguzi wa mayai ya kuku wa kienyeji wanaojitafutia chakula Agbogbloshie. Mtu mzima akila yai moja tu la kuku wa pale, anakuwa amepita mara 220 kiwango cha dioksini ambacho Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inasema mwili unaweza kuvumilia kwa siku. Dioksini huzaliwa plastiki zenye klorini zinapochomwa, na nyaya za umeme zimevikwa plastiki za aina hiyo. Ikishaingia mwilini hukimbilia kwenye mafuta na kukaa humo. Kiini cha yai kina mafuta tele. Ndiyo maana mtafiti anayetaka kujua udongo wa mahali umebeba nini huanza kwa kutafuta kuku anayepekua udongo huo.

Kasuku alianza kwa kuthibitisha kwamba mayai ni ya Kuku. Hilo halikumchukua muda, kwa sababu Kuku hakukana. Kisha akamwuliza kwa nini aliamua kuishi jalalani.

"Sikuhamia jalalani," Kuku akajibu. "Jalala ndilo lililonihamia. Bibi yangu alipekua hapahapa palipokuwa kinamasi na nyasi, na watu wa kabila la Ga walikuwa wakivua kwenye wangwa wa Korle, hapo chini mto unapomwagika. Mimi niliangua vifaranga vyangu vya kwanza chini ya mlango wa friji."

Jaji akaagiza shahidi wa mto aitwe. Karani, aliyekuwa Kindi, akatoka hadi ukingoni, akaita, "Perege wa Korle! Perege wa Korle! Perege wa Korle!" Maji yalikuwa meusi, yamebeba chupa na povu. Hakuna aliyeitika. Kindi akarudi, akaandika kwamba shahidi ameitwa mara tatu na hakufika. Kasuku akaomba ichukuliwe kwamba Perege hana la kusema dhidi ya upande wowote, na ombi lake likakubaliwa. Wangwa ule ulikufa siku nyingi. Kimya cha samaki kikaingizwa kwenye kumbukumbu za mahakama kana kwamba ni ridhaa.

Waliofika ni Sisimizi. Walikuja wengi, wadogo kwa wakubwa, baadhi wamefunga vitambaa viganjani kwa sababu ya vidonda vya moto. Aliyewasemea alikuwa kijana mwembamba mwenye macho mekundu.

"Mheshimiwa, sisi ni wa kaskazini, upande wa Tamale. Mvua zikikatika, shamba halina kazi, basi tunashuka huku mjini. Hatukuja kuchoma chochote. Tulikuja kutafuta ada ya wadogo zetu. Tulipofika tukakuta kazi ni hii."

"Eleza kazi yenyewe."

"Televisheni ya kichogo unaipasua kwa nyundo, unang'oa koili ya shaba shingoni, kioo unakiacha. Tunaambiwa kile kioo kina risasi ndani, lakini hakina mnunuzi, kwa hiyo kinabaki pale kilipovunjikia. Kompyuta unaifungua, unatoa bodi; hiyo ina wanunuzi wake. Sasa waya, Mheshimiwa. Waya nje ni plastiki, ndani ni shaba, na mwenye mizani hanunui plastiki. Ukimenya kwa kisu, siku inakwisha hujafikisha kilo. Moto unamenya mzigo mzima kwa mara moja. Sponji la friji bovu ndilo tunalowashia, au tairi, maana vinashika upesi. Unageuza nyaya kwa fimbo ya chuma, unasimama upande upepo unakotokea. Upepo ukigeuka, unakula moshi wote. Mwisho unamwagia maji. Unaokota shaba, majivu yanabaki."

"Na asubuhi," akasema Kuku kutoka kizimbani, "mimi napekua majivu hayo, kwa kuwa ndani yake kuna funza na makombo, na nina watoto."

"Mshtakiwa asiingilie ushahidi," akasema Kasuku.

Yule kijana akamgeukia Kuku. "Mama, sisi hatukujua kuhusu mayai. Tulikuwa tunayala pia. Usiku kifua kinabana, kichwa kinagonga, na tuliambiwa maziwa na mayai yanasafisha moshi kifuani."

Hapo Ng'ombe, aliyekuwa nyuma ya ukumbi, akasimama bila kuitwa. Akasema maziwa hayo ni yake, kwamba yeye pia anakula nyasi pale kando ya mto na kunywa maji ya Odaw, na kwamba hajawahi kupimwa na mtu yeyote. Kasuku akamwonya kwamba hakuna aliyemshtaki, basi asijitafutie makosa. Ng'ombe akaketi.

Nimewahi kusikia watu wenye elimu nzuri wakisema kwamba vijana wa Agbogbloshie wanajiua wenyewe kwa tamaa ya shaba. Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana yule alijua moto unaumiza. Vidonda viko mikononi mwake. Alichokosa si maarifa. Alikosa mtu wa kumlipa kwa kazi ya kumenya waya polepole bila kuuchoma.

Shahidi aliyefuata alitaka kusikilizwa upande wake pia, na ni haki nimpe nafasi. Alikuwa Mnana, yule ndege mdogo wa manjano mwenye kipaji cha kusuka. Ni fundi. Kibandani kwake kulikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo, pasi, feni, simu, na kile kifaa cha kulehemu kinachonuka risasi. Akasema asingependa mahakama itoke na wazo kwamba kila kinachoshuka bandarini Tema ni taka.

"Mtoto wa shule anasoma kwa kompyuta niliyoifufua mimi," alisema. "Mama muuza samaki ana friji niliyoifunga mota mpya. Ng'ambo waliitupa kwa sababu imepitwa na mtindo. Hapa imefanya kazi miaka minane. Msinifungie kazi yangu kwa ajili ya wanaotupakia mizoga. Lakini na mimi nina mpaka wangu. Kuna kifaa nikikifungua nakuta kimegundishwa kote, hakuna skrubu, hakuna kipuri. Aliyekitengeneza alitaka kife. Hicho siwezi, nawapa Sisimizi."

Maneno ya Mnana yanaendana na hesabu zilizowahi kufanywa nchini humo. Mwaka 2009 ziliingia Ghana takriban tani 215,000 za vifaa vya umeme na elektroniki. Asilimia 70 hivi ilikuwa mitumba. Katika mitumba hiyo, karibu asilimia 30 ilifika ikiwa mibovu. Nusu yake ikatengenezwa na mafundi wa aina ya Mnana, na nusu nyingine haikutengenezeka, ikaenda moja kwa moja kwenye nyundo na moto. Nayo mitumba iliyofika ikiwa hai haikuishi milele. Kila friji iliyopona mikononi mwa fundi ilikuja kufa baadaye, na ilifia Accra, mbali na kiwanda kilichokusanya faida yake ya kwanza.

Kisha akaitwa Buibui.

Ghana nzima inamfahamu Buibui. Hadithi zake zinasimuliwa huko tangu zamani kwa jina la Ananse, na hakuna mtoto asiyejua kwamba akitokea yeye, kuna mtu atabaki na njaa. Alifika amevaa suti, akasalimia kila mtu kwa jina, na akamwuliza Kuku hali ya watoto.

"Mimi ni dalali tu," alisema. "Nina uzi, ncha moja iko ng'ambo, ncha nyingine iko Tema. Sitengenezi kitu, sichomi kitu. Ng'ambo, friji bovu ni gharama. Sheria inamtaka mwenye nalo amlipe mtu alifungue taratibu, aitoe gesi, aitenge sponji, ayeyushe chuma. Likivuka bahari linageuka bidhaa; huku kuna mtu yuko tayari kunilipa ili alichukue. Kule nalipwa kuliondoa, huku nalipwa kulileta. Nani kati yenu angekataa?"

"Kontena unalipangaje?" akauliza Kuku.

Jaji akataka kumzuia, lakini Buibui alikuwa amekwisha kunogewa. "Zinazowaka naziweka mlangoni, zisizowaka nazishindilia nyuma. Mkaguzi anafungua mlango, anachomeka moja, inawaka, anafunga. Magari ya mitumba nayo hayaji matupu. Kwenye buti na chini ya viti kuna nafasi ya simu na maikrowevu. Kwenye karatasi naandika 'vifaa vilivyotumika', na ni kweli vimetumika. Mnunuzi wangu hapa analinunua kontena zima bila kulifungua. Akikuta ndani mizoga, hasara ni yake."

Alitoa ushahidi huu mbele ya mahakama, mchana kweupe, na hakuna askari aliyesogea. Msomaji asifikiri nimelitia chumvi hilo. Biashara ya namna hii haihitaji kujificha sana, kwa kuwa kila anayehusika anashika kipande kidogo kinachoonekana halali: mwenye cheti cha kukusanya, mwenye meli, mwenye kibali cha bandari, mwenye ghala. Uhalifu umegawanywa mafungu madogo kiasi kwamba kila mmoja analibeba lake bila kuona uzito.

Mbayuwayu ndiye aliyeviunganisha vipande hivyo. Ni ndege wa safari. Wakati wa kiangazi cha kaskazini hujenga kiota chini ya paa la ghala Ulaya. Baridi ikiingia hushuka hadi Afrika. Alikuwa shahidi pekee aliyewahi kuona ncha zote mbili za uzi wa Buibui kwa macho yake.

"Ghala ninakojenga ni la Bata Bukini," alisema. "Ni ndege wema, Mheshimiwa, sitamsingizia mtu. Wanalisha bata wadogo bustanini, wanaosha chupa kabla ya kuzitupa. Lakini simu kwao hubadilishwa ingali hai. Televisheni inaondolewa ukutani kwa sababu jirani ana iliyo pana zaidi. Bata Bukini anaiweka ya zamani kwenye sanduku la kijani mlangoni mwa duka, anapewa risiti, anarudi nyumbani moyo umetulia. Hajawahi kuuliza sanduku linakwenda wapi, na hakuna aliyemlazimisha aulize. Mimi nililiona. Lilimwagwa ghalani, likapakiwa kontenani usiku, na nilipofika huku baada ya majuma kadhaa nikaona ile ile televisheni, yenye kibandiko cha shule cha mtoto wake, imelala kifudifudi karibu na kiota cha huyu mama."

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaofaa zilikuwa asilimia 22.3. Katika zile zilizobaki, nyingi hazina karatasi yoyote ya kueleza zilikokwenda. Mbayuwayu aliona sehemu moja ya zilikokwenda.

Kasuku akainuka. Akasema ushahidi huo hauwezi kuwa kweli kwa sababu ni marufuku. Akasoma kwa sauti: mwaka 1988 mapipa maelfu ya taka za sumu kutoka Italia yaligunduliwa yamerundikwa uani kwa mwanakijiji mmoja wa Koko, Nigeria, dunia ikashtuka, mwaka 1989 ukaandikwa Mkataba wa Basel wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, mwaka 1991 nchi za Afrika zikaandika wa kwao, Mkataba wa Bamako, unaokataza kabisa taka hatari kuingia barani. Ghana yenyewe ina Sheria namba 917 ya mwaka 2016.

"Kwa hiyo," akahitimisha Jaji Tumbusi, "kwa kuwa sheria inakataza taka kuingia, mahakama inaona kwamba taka hazikuingia."

"Mheshimiwa," akasema Kuku, "basi nilikula nini?"

Mahakama ikakubali angalau kumwandikia Bata Bukini barua. Jibu lilirudi upesi, kwenye karatasi nzuri. Bata Bukini walisema wamesikitishwa mno na habari za mayai. Walisema vifaa vyao walivikabidhi kwa kampuni iliyothibitishwa, na nakala ya cheti ikaambatishwa. Wengine miongoni mwao, wa kule Marekani, wakakumbusha kwamba nchi yao iliutia saini Mkataba wa Basel lakini haijauridhia mpaka leo, hivyo hauwafungi. Mwisho wa barua wakasema kwamba, ili kuonyesha mshikamano na wanyama wa Korle, wanatuma kompyuta kwa matumizi ya mahakama.

Kompyuta zilifika. Jaji alipiga nazo picha.

Kindi akaichomeka ya kwanza. Skrini ikawa ya buluu, ikapepesa, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Ya pili haikuwaka kabisa. Ya tatu iliwaka ikaomba neno la siri la shule moja ya ng'ambo, na Kindi hakulijua. Akabonyeza hili na lile mpaka saa nne, kisha akamwambia tarishi, "Zitoe, zipeleke nyuma." Nyuma ya mahakama ni uwanja wa Sisimizi. Kabla ya magharibi zilikuwa zimepasuliwa. Bodi zikaingia gunia moja, vyuma gunia jingine. Nyaya zikaenda motoni, na moshi ukaja mpaka dirisha la Jaji, akaagiza lifungwe.

Asubuhi yake Kuku, aliyekuwa nje kwa dhamana, alipitia uwanjani kabla ya kesi. Alikuwa na njaa. Alipekua majivu ambayo bado yalikuwa na joto kidogo, akaokota alichookota, akaingia kizimbani. Siku mbili baadaye, wakati Kasuku akihitimisha hoja zake, Kuku aliinama, akatulia, akataga palepale.

Yai lilikuwa zuri, la rangi ya maziwa, lina doa la kahawia upande mmoja. Askari alilishika kwa karatasi. Kasuku kwa furaha akaomba lipokelewe kama kielelezo dhidi ya mshtakiwa, likapokelewa, likapewa namba.

"Naomba kulizungumzia kielelezo," Kuku akasema. "Yai hili ni la kompyuta za mahakama. Zilizoletwa kwa barua, zikapigwa picha, zikatolewa nyuma na karani wako. Mnanishtaki kwa yai, na kwangu yai ni kituo cha mwisho. Kabla yangu kuna majivu. Kabla ya majivu kuna kijana mwenye fimbo ya chuma, na kabla yake mwenye mizani, na kabla yake Bwana Buibui hapo alipoketi, na kabla ya Buibui kuna aliyemlipa aondoe uchafu nyumbani kwake, na kabla ya huyo kuna aliyeunda kifaa kisichofunguka. Mbona mnyororo wote mrefu hivyo pingu zimenitosha mimi tu?"

Jaji Tumbusi alilitazama yai kwa muda mrefu. Kisha akaahirisha kesi kwa ajili ya chakula cha mchana.

Hukumu ilisomwa kwa dakika chache. Kuku alipatikana na hatia. Sisimizi nao, ingawa hawakushtakiwa, walipatikana na hatia ya kuwa pale. Buibui alishukuriwa kwa ushirikiano wake na mahakama. Amri ikatoka kwamba uwanja usafishwe.

Na ulisafishwa kweli. Julai 2021 matingatinga yaliingia Agbogbloshie. Mabanda ya vyuma chakavu yakasawazishwa, na wauza vitunguu wakahamishiwa Adjen Kotoku, nje ya jiji. Waliokuwa wakipita na kamera kupiga picha za moshi hawakuuona tena pale walipozoea. Lakini kontena hazikuacha kushuka Tema kwa sababu nyundo zimehamishwa. Sisimizi walikusanya magunia yao wakavuka kuingia Old Fadama na vichochoro vingine vya mji, kwenye nyua za nyumba, karibu zaidi na vitanda vya watoto kuliko mwanzo. Mnana alipoteza kibanda, pamoja na redio za watu alizokuwa hajamaliza. Udongo wenye risasi na kadmiamu haukuhukumiwa kuhama, kwa hiyo umebaki. Naandika haya kwa uchungu, kwa kuwa hukumu ya namna hii naiona kila mara: pakitokea sumu, anayefukuzwa ni yule aliyeshikwa nayo mkononi, na mji unajihesabu umetakata.

Kuku alikata rufaa. Hakujua sheria, ila alikuwa na Mbayuwayu, na Mbayuwayu ana ndugu wanaoshukia pwani ya mashariki. Ndugu hao walileta habari ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilimwaga risasi kwenye hewa, maji na damu za watoto. Wakazi hawakuambiwa kwamba kosa ni lao kwa kuishi karibu na ukuta. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru kampuni husika pamoja na mamlaka za serikali zilizofumba macho ziwalipe wakazi shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na fidia hiyo ilipobatilishwa na mahakama ya rufani, Mahakama ya Juu iliirejesha mwaka 2024. Kuku aliiweka kesi hiyo juu kabisa ya hoja zake. Wanyonge wa mahali pengine walishawafikisha wenye kiwanda mahakamani, wakashinda.

Hoja ya pili ilitoka Geneva. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Basel zilikubali pendekezo lililoletwa na Ghana yenyewe pamoja na Uswisi: taka zote za elektroniki, ziwe za sumu au zisiwe, zisivuke mpaka bila nchi inayozipokea kuarifiwa kwanza na kuridhia. Kanuni hiyo inafanya kazi tangu tarehe 1 Januari 2025. Buibui alipoisikia hakubishana nayo. Alibadilisha tu anachoandika kwenye karatasi, akaongeza 'kwa ajili ya matengenezo'. Kwa hiyo Kuku aliomba kwamba kila kifaa kijaribiwe kule kinakopakiwa, kwa gharama ya anayepakia, na kisichowaka kisipande meli.

Hoja ya tatu ilihusu fedha. Sheria namba 917 inawatoza waagizaji na watengenezaji ada ya kugharimia taka za vifaa vyao. Kuku akataka ada hiyo itumike kuwalipa Sisimizi kwa kila kilo ya waya wanayoikabidhi bila kuichoma, na kwa kila kioo cha kichogo wanachokileta kizima, bei inayoshinda ya mwenye mizani. Mashine za kumenya waya zipo, na ziliwahi kufika hata Agbogbloshie. Kijana hachomi kwa kuupenda moto. Mpe bei, ataweka kiberiti chini.

Msajili alizisoma hoja, akasema zimekaa sawa, akadai ada ya kufungua shauri. Kuku hakuwa nayo.

Sisimizi wakasema watachanga. Wakaleta nyaya, mzigo mkubwa, wakatafuta sponji la kuwashia. Kuku akasimama mbele ya mzigo. "Wanangu," akasema, "rufaa hii hailipiwi kwa moshi." Wakatazamana. Kisha yule kijana mwembamba akatoa kisu, akaketi, akavuta waya wa kwanza, akaupasua ngozi taratibu kuanzia kwenye ncha. Wengine wakaketi naye. Mnana akaja na mdomo wake mwembamba unaojua kusuka, akawaonyesha jinsi ya kuvua plastiki ya nyaya nyembamba bila kukata shaba. Plastiki wakaitia kwenye magunia peke yake. Iliwachukua majuma matatu.

Ada ikalipwa, rufaa ikapewa namba, na wito ukatolewa kwa majina yaliyokosekana mara ya kwanza. Wa Buibui ulibandikwa mlangoni kwa ofisi yake pale Tema, mbele ya wapagazi wake. Wa Bata Bukini alipewa Mbayuwayu, aliyekuwa akijiandaa kurudi kaskazini. Aliubeba juu ya jangwa na bahari, akafika mwezi wa nne, akaudondosha mezani wakati familia imekaa kula mayai ya asubuhi. Ulikuwa na jina la mwenye nyumba, namba ya ile televisheni, na tarehe ya kufika mahakamani Accra.